Kujaribu Bila Kitambaa

Tak-tak-tak, tak, kisha kimya kidogo kama mtu aliyejikwaa, kisha tak tena.

Fundi aliisikia sauti hiyo kabla hajaona chochote. Alikuwa bado ngazini, mkoba wa bisibisi begani, na juu yake ukumbi wa washonaji ulikuwa unanguruma kwa cherehani arobaini, kama mvua ya mawe juu ya bati. Mtu mwingine angesikia kelele tu. Yeye alisikia mashine thelathini na tisa nzima, na moja inayoomba msaada.

Akaifuata sauti kwa sikio, akipenya katikati ya meza, majora ya vitambaa na wateja waliokuja kupimwa, hadi safu ya tatu karibu na dirisha. Hapo alikaa mwanamke mwenye gauni la zambarau na kola nyeupe, futi ya kupimia shingoni, miwani juu ya paji la uso, na pini saba mdomoni. Alikuwa anashona shela, na uso wake ulionyesha kwamba shela ndilo lililokuwa linamshona yeye.

"Ndoano ya chini inachelewa kudaka uzi," Fundi akasema, hata salamu hakutoa.

"Nani amekuita?" Alisema hayo kwa pembe moja ya mdomo, pini zote zikiwa mahali pake.

"Mashine."

"Basi zungumza nayo. Mimi nina bibi harusi anayekuja saa nane."

Fundi akapiga magoti, akafungua bamba la chini, akalegeza skrubu, akasogeza ndoano upana wa unywele, akakaza. Kisha akafanya alichokifanya kwa miaka thelathini. Akaondoa shela, akazungusha gurudumu bila kitambaa, akasikiliza. Akaweka kipande chakavu, akashona mstari, akautazama kwenye mwanga wa dirisha. Ndipo aliposimama na kumpisha mwenye mashine kiti chake.

Mwanamke alitaka kujua mambo yote hayo yalikuwa ya nini, kwani angeshona tu wakajua. Fundi akamweleza kwamba hajawahi kumrudishia mtu mashine ambayo hakuijaribu mwenyewe kwanza. Kwanza bila kitambaa, kisha na kitambaa chakavu, kisha mwenyewe anaitwa. Aibu kubwa ya fundi, alisema, ni mwenye mali kuugundua ubovu yeye akiwa amesimama pale pale.

"Una majivuno," mwanamke akasema.

"Ninayo. Yamenilisha vizuri."

Alasiri hiyo simu ya mwanamke ikaita kengele ya ujumbe kutoka kwa Fundi, aliyekuwa amenakili namba iliyobandikwa kwenye mashine. Fundi alikuwa na miaka hamsini na mbili, mjane, na alidhani mambo ya kutunga beti ameyaacha ujanani. Kumbe yalikuwa yamelala tu.

*Mashine yako i mbovu, ila mkono mzuri,*
*Nimeifuta makovu, sasa yaenda vizuri,*
*Mimi ndiye mpumbavu, niliyekuja hodari,*
*Naondoka sina nguvu, moyo haupigi shwari.*

Mwanamke akapiga simu badala ya kujibu. "Hapo kwenye mpumbavu umeandika wewe, au simu yako imekosea?"

"Nimeandika kwa mkono wangu."

"Basi tumekubaliana jambo moja. Kesho pita tuone la pili."

Fundi akampa jina la Pini, kwa sababu ya zile saba. Kesho ikawa na kesho yake, na kabla mwaka haujaisha wakaoana, yeye Fundi na huyo Pini wake aliyekuwa ameachika zamani na kuapa kwamba mwanamume atakayemwona tena ni yule wa kumpima suruali. Ukumbi mzima wa washonaji ulihudhuria, kila mmoja akiwa na vazi alilojishonea, na jirani wa mashine ya Pini, mama mmoja mpana wa mwili na wa maneno, akawatangazia watu kwamba bwana harusi huyu alikuja kutengeneza cherehani akasahau kuondoka.

Walipendana kama watu waliokwisha kujua nini maana ya kukosa. Asubuhi Fundi alimchemshia chai, Pini akamkagua vifungo vya shati kimoja kimoja kama mwalimu wa zamu. Mchana walipigiana simu bila sababu. Na mlango wao ulipofungwa, walicheka sana, kwa sauti ambayo jirani wa ukuta wa pili aliilalamikia mara mbili.

Hayo yalikuwa kabla ya tezi.

Ilianza kwa kuamka kwenda chooni, mara mbili, mara nne. Pini ndiye aliyemburura hospitali. Wakapima damu, wakachukua vinyama vidogo wakavipima, jibu likarudi kuwa ni saratani ya tezi dume, lakini imewahiwa. Wakamfanyia upasuaji. Siku ya tatu wodini, daktari wa upasuaji alipita wakati Pini ameshuka kununua maji. Alimweleza Fundi taratibu kwamba tezi yote imetoka na saratani pamoja nayo. Ila mishipa ya fahamu inayopita pembeni mwa tezi, ile inayoupa uume amri ya kusimama, ya upande wa kushoto ilikuwa imegandana na uvimbe na ililazimika kwenda nao. Ya kulia ipo, lakini imechoka. Inaweza kuchukua mwaka kuamka, hata miaka miwili, na inaweza isiamke yote. Zipo njia za kusaidia. "Ukija kliniki, njoo na mama," daktari akasema.

Pini akarudi na chupa ya maji. "Daktari amesemaje?"

"Amesema yote imetoka."

Hakuwa amedanganya. Alikuwa amekata kitambaa katikati, akampa mke wake nusu nzuri. Hiyo nusu nyingine akaikunja, akaiweka mahali alipodhani mtu hafiki.

Ukapita mwezi wa kwanza wa kovu, ikapita miezi mitatu ya kuvaa pedi kama mtoto, ambayo Pini aliibeba kwa utani hadi mkojo ukakubali kushikika. Hilo lilipokwisha, Fundi akabaki hana kisingizio. Akaanza kulala mapema. Akaanza kuumwa mgongo. Akagundua ghafla kwamba kazi zimekuwa nyingi, na mlango wa karakana yake ukawa unafungwa kwa ndani.

Karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifungo, rafu tatu za vichwa vya cherehani vilivyofumba midomo, harufu ya mafuta ya mashine, na dirisha la kioo kisichoonyesha nje. Kliniki walimpa vidonge vinane na pampu ndani ya boksi, na maelezo mengi, na mara ya pili wakamuuliza mama yuko wapi. Akajibu kwamba mama ana kazi. Boksi akalisukuma chini ya meza. Vidonge akaviweka katika mfuko wa ndani wa koti lake la kazi.

Alasiri moja akafunga mlango, akameza kimoja, akakaa juu ya stuli. Mikono juu ya magoti, mgongo umenyooka. Akasubiri kama mtu aliyeitwa ofisini kujieleza. Baada ya saa moja uso ulimwaka moto, pua ikaziba, kichwa kikaanza kugonga. Huko chini hakuna aliyejibu.

Akajiambia ni mara ya kwanza. Wiki iliyofuata akarudia, na nyingine, na nyingine, na nyingine tena, kila mara juu ya stuli ile ile, mbele ya rafu zile zile. Alikuwa anajijaribu bila kitambaa. Angewezaje kumrudishia Pini kitu ambacho hajui kama kinafanya kazi? Angesimama wapi, Pini akiugundua ubovu mbele yake?

Jumamosi moja mvua ilinyesha mchana kutwa, na Pini hakwenda ukumbini. Alitoka chumbani akiwa na gauni jipya la rangi ya matofali mabichi, alilolishona kwa siri mwezi mzima, limembana kiunoni na kumwachia mabega. Akajizungusha mara moja mbele ya kiti cha mume wake. Alikuwa amejipaka mafuta yale ya siku za mwanzo.

Fundi akatazama. Moyo wake ulifanya kila kitu kilichotakiwa kufanywa na moyo. Ndipo hofu ikaja, ikakaa katikati yao kama mgeni asiyebisha hodi.

"Pindo limekaa sawa," akasema.

"Sikukuuliza pindo."

"Na rangi pia."

Pini akasimama hapo kidogo, mikono ikitafuta mahali pa kwenda. Kisha akaingia chumbani, akabadilisha nguo, akarudi na kikapu chake cha kushonea, akasema ampe lile koti la kazi, bitana yake imechanika na yeye hapendi kuona mume wa mshonaji anatembea kama hana mtu.

Fundi akalitoa koti. Na sisi tunaojua kilichokuwa mfukoni tunaweza kushangaa alisahau vipi. Hakusahau. Alikumbuka, mkono wake ukiwa umekwisha kulitoa, na hakuna neno lililopatikana la kulirudisha.

Jumatatu Fundi alikuwa mbele ya mteja, mwenye kiwanda kidogo cha sare za shule, akaingiza mkono mfukoni kutoa bisibisi ndogo. Mkono ukagota. Akajaribu mfuko wa pili. Akajaribu wa ndani. Mifuko yote ilikuwa imeshonwa kwa uzi mwekundu, mshono mdogo mdogo, mzuri kuliko wowote aliowahi kuuona kwa mke wake. Akalifungua koti. Ndani, juu ya bitana mpya, upande wa moyo, pakiti ya vidonge ilikuwa imebanwa kwa pini. Vilibaki vitatu.

Alipofika nyumbani, nusu ya kabati ilikuwa tupu.

Akapiga simu. Akapiga tena. Mara ya tano ikapokelewa na dada yake Pini. "Shemeji, mwenzio hataki simu. Mimi sijui mlichokoseana na sitaki kujua, lakini hajala." Kisha ikasikika mikwaruzo ya simu kubadilishana mikono.

"Vidonge vilikuwa vinane," Pini akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu huo ulimtisha. "Navijua ni vya nini, ukumbi mzima unavijua. Vitano havipo. Mimi mwaka mzima umenigusa bega tu. Nataka jina tu, Fundi. Sitakwenda kumpiga."

"Hakuna mtu, Pini."

"Vimeliwa na panya?"

Maneno yalikuwepo. Yalikuwa machache, mtoto wa shule angeyasema. Fundi akafungua mdomo, akaona stuli, akajiona juu yake, mikono magotini.

"Nitakueleza."

"Eleza."

Akasikia pumzi yake mwenyewe ndani ya simu. Akasikia mtu akisogeza kiti kule upande wa pili. Akahesabu hadi akapoteza hesabu.

"Haya basi," Pini akasema, na simu ikakatika taratibu, bila hasira, kama mlango unaofungwa kwa ajili ya mgonjwa.

Siku ya nane tangu Pini aondoke, Fundi alilivuta boksi kutoka chini ya meza. Pampu ilikuwa kitu rahisi kwa jicho lake: bomba la plastiki, mkono wa kuvutia hewa, mipira ya kubana. Ukivuta hewa nje, damu inavutwa ndani, kisha mpira unaizuia isitoroke. Akaijaribu, akaona nguvu yake ni ndogo. Akaigeuza, akakuta valvu ya kupunguza mvuto. Mtu yeyote angeisoma karatasi. Yeye alikuwa fundi. Akaiziba valvu kwa kipande cha mpira na gundi, akavuta.

Hadi jioni alikuwa hawezi kukaa vizuri. Siku iliyofuata alikwenda kliniki akitembea kama mtu anayevuka mto.

Daktari wa kliniki alikuwa mwanamke, mdogo kuliko hata binti wa kwanza wa rafiki zake, na Fundi alitamani sakafu impokee. Muuguzi wa kiume akampaka dawa kwenye mchubuko. Daktari aliishika pampu, akaigeuza, akaitazama kwenye mwanga kama Fundi anavyotazama mstari wa uzi.

"Nani ameziba hii valvu?"

"Mimi."

"Kwa nini, baba?"

"Niliona nguvu yake haitoshi."

Daktari akaiweka chini. Akamweleza kwamba valvu ile ndiyo inayomlinda mwenye nacho asikipoteze, na kwamba ana bahati, mchubuko utapona. Kisha akauliza vidonge. Fundi akasema amekunywa vitano na havikufanya kitu.

"Mama alikuwepo?"

"Hapana. Nilikuwa karakana."

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu. Na cherehani."

Muuguzi akakohoa, akageukia kabati la bandeji akaanza kulipanga upya. Daktari yeye hakucheka. Alisogeza kiti chake karibu. "Kidonge hakisimamishi kitu, baba. Kinafungua njia ya damu tu. Anayeipitisha damu ni hamu, na hamu ina mtu wake. Wewe umekaa juu ya stuli unajiogopa. Ulitegemea nini kitokee?"

Fundi akamweleza kanuni yake. Kwanza bila kitambaa. Aliieleza akiwa amenyoosha shingo, kwa majivuno yale yale ya miaka thelathini, na katikati ya maelezo akasikia yalivyo, akanyamaza.

Daktari akamwambia kwamba mwili haujaribiwi hivyo. Akamwambia pia, kwa kuwa aliuliza, yaliyobaki mbele. Vidonge vijaribiwe upya, kwa utulivu, na asivichanganye kamwe na dawa fulani za moyo. Pampu irudi na valvu yake. Kuna dawa nyingine ya kuingizwa kwenye tundu la mkojo, na kuna sindano nyembamba inayochomwa ubavuni mwa uume wenyewe, ambayo haisubiri mishipa iliyokatwa. Mwisho kabisa, baada ya kungoja vya kutosha, kuna upasuaji wa kuweka kifaa ndani. Hakuna hata njia moja aliyoiahidi. Kwa mtu aliyebakiza mishipa upande mmoja, alisema, yeye angeanza kufikiria sindano.

Akamwonyesha. Ilikuwa fupi na nyembamba kama unywele. Jasho jembamba likamtoka Fundi mgongoni, masikio yakaanza kuvuma, na muuguzi akamshika bega kabla hajateleza kitini.

"Mimi nabadilisha sindano arobaini kwa siku," akasema, alipokwisha kunywa maji.

"Hizo hazikuchomi wewe." Daktari akafunika ile sindano. "Mkono wako hautafaa. Watu wengi hufundishwa wawili. Kuna mtu nyumbani mwenye mkono mtulivu?"

 Fundi alikuwa anaona pini saba, na mkono uliokuwa ukizitoa mdomoni moja moja bila kutazama.

Alitoka hapo akaenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa washonaji. Ngazini akaisikia. Tak-tak, tak, kimya, tak. Ilikuwa imerudi kuchelewa ile ndoano, na mwenyewe alikuwa anashona hivyo hivyo, kwa kiburi, badala ya kumwita fundi mwingine.

Pini alimwona, akarudisha macho kwenye kitambaa. Alikuwa na gauni jeusi lisilo na kola, na chini ya macho yake palikuwa pamechoka. Fundi akavuta stuli ya wateja, akakaa pembeni yake. Koti lile alikuwa nalo mwilini, mifuko yake ikiwa imeshonwa vile vile.

Alipachagua mahali pale kwa akili. Penye cherehani arobaini mtu anaweza kuungama na hata aliye meza ya pili asisikie. Akaanza kusema karibu na sikio lake, akipandisha sauti ili imfikie. Alimwambia habari ya wodi, na maji aliyokwenda kununua, na nusu ya jibu. Pini aliendelea kukanyaga mashine. Alimwambia kuhusu stuli. Mguu wa Pini ukapunguza mwendo. Alimwambia vidonge vitano vimeliwa na mwanamume mmoja mjinga, mlango ukiwa umefungwa, na kwamba hakuna jina jingine la kumpa. Mashine ya jirani ikaanza kushona suruali ya jinzi, kwa kishindo, na Fundi akalazimika kupaza zaidi.

Hapo umeme ukakatika.

Mota zote zikazima kwa pamoja, na waliokuwa wakikanyaga kwa miguu wakainua vichwa kutazama taa. Katika kimya hicho, sauti ya Fundi ikapita ukumbini kutoka dirisha hadi ngazini:

"Sisimami, Pini, tangu waliponipasua sijasimama hata mara moja!"

Mkasi wa mtu ukaanguka. Mteja aliyekuwa akipimwa kifua alibaki ameinua mikono. Fundi akaiangalia sakafu na kuona kwamba nayo, kama ile ya kliniki, haikuwa na nia ya kumpokea.

Wa kwanza kusema alikuwa yule mama mpana wa maneno. "Haya, washonaji," akasema kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, "kila mtu ana nguo ya mtu mkononi. Zitazameni hizo." Na kila mtu akainamia kitambaa chake, gizani, wakijifanya wanashona kwa mashine zisizo na umeme.

Pini akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo. Akachukua mkasi. Akamvuta mume wake kwa ukosi wa koti hadi mwanga wa dirisha, akaanza kukata ule uzi mwekundu. Mfuko wa kulia. Mfuko wa kushoto. Akafungua koti akakata wa ndani. Mkono wake haukutetemeka. Machozi yalikuwa yanashuka yenyewe, hayakumsumbua.

"Nililala kwa dada siku tisa," akasema, "nikimtafuta huyo mwanamke. Nikampa mwili mzuri. Nikampa gauni ambalo mimi siwezi kulivaa. Na wewe uko karakana, juu ya stuli."

"Sikutaka uone."

"Mwaka mzima nimejiona mimi ndiye mbovu. Hilo hukuliona?"

Hakuwa ameliona. Katika hesabu zake zote za aibu, yake peke yake ndiyo aliyoihesabu. Akamweleza habari ya sindano nyembamba, na kwamba daktari anataka mkono mtulivu.

Wakaenda kliniki pamoja siku ya miadi. Pini aliingia na daftari lake la vipimo, lile lenye viuno na mabega ya nusu ya mji, akafungua ukurasa mpya, akaanza kuuliza. Ichomwe wapi hasa. Kwa pembe gani. Isizidi mara ngapi kwa wiki. Ikikataa kulala je? Daktari akajibu kwamba yakipita masaa manne bila kulala hiyo si sherehe, ni dharura, waje hospitali mara moja. Pini akapiga mstari mara mbili chini ya hilo. Muuguzi akamwonyesha kwenye mfano wa mpira, naye akarudia mara moja tu, na muuguzi akamuuliza alisomea wapi.

Kisha ikaja zamu ya mwenyewe. Fundi akageuza uso ukutani, akashika ukingo wa kitanda. Hakusikia ilipoingia. Alisikia mkono wa mke wake tu.

Wangependa watu niseme kilichofuata kilikuwa muujiza. Kilikuwa nusu ya jambo. Damu ilikuja, ikaleta maumivu mazito kama ya jino, ikasimamisha kidogo kitu ambacho hakikutaka kusimama, na baada ya robo saa ikarudi ilikotoka. Daktari akasema walianza na dozi ndogo, wataipandisha polepole, maumivu huenda yakapungua. Huenda. Mishipa ya kulia bado ina karibu mwaka mmoja mbele yake, na huenda ikaamka. Huenda isiamke. Pini aliandika "huenda" mara tatu katika daftari, kisha akafunga kalamu.

Jumapili hiyo alasiri walikuwa nyumbani, mapazia yamevutwa, jua likipenya kidogo na kulala juu ya shuka. Sindano walikuwa wamekubaliana kuipumzisha. Pini alivaa gauni lile la rangi ya matofali, kwa muda, kisha hakulivaa. Waligusana kama watu wanaotafuta swichi katika nyumba waliyohama zamani. Mikono ya Fundi ilikuwa inakumbuka kila mahali, na Pini alikumbuka kucheka, na palikuwa na wakati, mfupi, ambapo walisahau kabisa kulikuwa na kazi ya kufanywa. Kisha Fundi akakumbuka. Akasikiliza mwili wake kama anavyosikiliza mashine kutoka ngazini. Kimya.

Akajifunika uso kwa mkono. Alilia bila sauti, mwanamume mzima wa miaka hamsini na tano, mabega yakiruka, na Pini hakumwambia anyamaze. Hakumwambia kwamba si kitu. Kilikuwa kitu, na wote wawili walikuwa wamekipenda.

"Na kama ndiyo basi?" Fundi akauliza, baadaye. "Kama imekwisha?"

"Sijui." Akavuta shuka, akawafunika wote wawili. "Nitaumia, sitakudanganya. Nitaikumbuka. Lakini wewe siku ya kwanza ulinitumia beti ukaniambia unaondoka huna nguvu. Nilikupigia simu mimi mwenyewe."

Fundi akacheka katikati ya machozi, kicheko kibovu, lakini jirani wa ukuta wa pili akagonga mara moja kuonyesha amekisikia.

Mchana uliendelea kupungua nyuma ya pazia. Huko chini mtaani mtu alikuwa anashona, cherehani ya miguu, nzima. Fundi aliisikiliza hadi mwisho wa mshono. Kisha akautoa mkono usoni, akamgeukia mke wake, akatafuta sauti yake ya kawaida, ile isiyo ya majivuno wala ya kuomba radhi, na alipoipata akasema polepole ili asije akalazimika kurudia:

"Sitajijaribu tena peke yangu, Pini. Ikifanya kazi, isipofanya, mlango utakuwa wazi na wewe utakuwa wa kwanza kujua. Nakuahidi."